Naombeni ushauri: siku moja Versailles na mume wangu, tuipange vipi?

BintiPangani
Habari za jioni ndugu zangu. Mwezi wa sita mimi na mume wangu tutakuwa Paris, na siku moja tumeitenga kwa ajili ya Versailles, lile kasri la wafalme wa zamani wa Ufaransa nje ya Paris. Mume wangu ni mwalimu wa historia. Tangu tuchumbiane anasema akifika Ufaransa lazima asimame ndani ya Ukumbi wa Vioo wa kasri hilo, kwa sababu ndimo ulimosainiwa mkataba wa tarehe 28 Juni 1919 ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza. Mimi nauza miche na maua, roho yangu iko bustanini. Shida ni goti lake. Akitembea sana linavimba, na mwenyewe hasemi, utamwona tu usiku anapanda kitanda kwa tabu. Nasikia eneo lenyewe ni kubwa mno. Naombeni mpango ambao kila mmoja atapata chake bila kumuumiza.

Nyali_hadi_Seine
Dadangu, mimi naishi huku na wageni wangu wengi huwapeleka. Jumatatu kasri hufungwa, kwa hiyo Jumanne watu hufurika, tena Louvre, ile makumbusho kubwa ya Paris, nayo hufungwa Jumanne. Jumatano na Alhamisi huwa na nafuu. Kateni mapema mtandaoni ile tiketi ya Passeport, inawaingiza kasrini, Trianon (makasri madogo ndani ya eneo hilo hilo) na bustanini, na mnachagua kabisa saa ya kuingia kasrini. Chukueni saa 3 asubuhi, mlango unapofunguliwa. Treni ni RER C, mshuke kituo cha mwisho, Versailles Château Rive Gauche, hapo kasri liko karibu. Someni ubao kabla ya kupanda, maana njia hiyo ina matawi mengi na baadhi ya treni huwashusha Versailles Chantiers, ambako ni mwendo mrefu zaidi kwa mtu mwenye goti.

mzee_wa_miche
Naomba nitofautiane na ndugu hapo juu kuhusu siku. Mpenda bustani asiende Versailles siku ambayo chemchemi za kurusha maji zimefungwa, atakuwa ameona nusu tu. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hufunguliwa Jumamosi na Jumapili, na siku kadhaa za katikati ya wiki. Kalenda iko kwenye tovuti ya kasri. Jumamosi za kiangazi bustani hufungwa mapema kupisha onyesho la usiku, kwa hiyo mimi nasema Jumapili, watu wawe wengi wasiwe wengi.

Bustani ile aliichora André Le Nôtre, na maji hayakuwahi kuitosha. Hata baada ya mashine ya Marly, yenye magurudumu 14, kuanza kupandisha maji ya mto Seine mwaka 1684, mafundi walikuwa wanapigiana filimbi: mfalme Louis XIV akikaribia chemchemi inafunguliwa, akishapita inafungwa.

Na wewe binti, usiondoke bila kuiona Orangerie. Miti zaidi ya 1,000, michungwa, milimau, mikomamanga na mitende, yote imepandwa kwenye makasha ya mbao. Baridi ikija inaingizwa ndani, mwezi wa tano inatolewa, kwa hiyo mwezi wa sita mtaikuta nje. Angalia makasha yenyewe kwa jicho la biashara yako: ubao wa pembeni unafunguka kwa bawaba za chuma, mtunzaji anakagua mizizi bila kuung'oa mti. Itazameni kutoka juu, upande wa kusini wa kasri. Zile ngazi za kushukia, mia na ushee, mwalimu asizijaribu.

Mwalimu_Bukavu
Mwalimu mwenzangu nampa heko. Ukumbi una urefu wa mita 73, matao 17 ya vioo yanatazamana na madirisha 17 ya bustanini, vioo vyote ni 357. Mwambie akumbuke na tarehe 18 Januari 1871: humo humo Wajerumani walitangaza dola yao baada ya kuishinda Ufaransa. Ndiyo maana Wafaransa waliwarudisha chumba kile kile mwaka 1919 kuweka sahihi. Ibara ya 119 ndiyo iliyowavua makoloni. Ruanda-Urundi ikaishia kwa Wabelgiji, na kipande cha Kionga, kusini ya Ruvuma, kikaenda kwa Wareno. Wenyeji wa nchi hizo hawakuulizwa neno. Kwetu sisi ule ukumbi ni mzito kuliko dhahabu yake, na mtu anahitaji kimya kidogo kuutafakari. Kwa hiyo nakazia ile saa 3. Makundi yakishaingia mtasukumana tu.

BintiPangani
Asanteni sana, nimemsomea yote na macho yamemtoka kwa furaha. Tumeamua Jumapili. Sasa kutoka kasrini hadi Trianon tutafikaje? Hapo ndipo naogopea goti.

Nyali_hadi_Seine
Haya, Jumapili na iwe. Kwa mguu ni kama nusu saa, msitembee. Kuna kitreni cha matairi kinaondokea ubavuni mwa kasri, kinasimama Trianon na penye Mfereji Mkuu, kisha kinarudi juu. Mkitoka ndani, kaeni kwanza karibu na chemchemi ya Latona maji yakifunguliwa, halafu pandeni kitreni. Trianon haifunguliwi kabla ya saa 6 mchana, kwa hiyo msiwahi bure. Ukifika huko nenda hadi kijiji cha malkia Marie-Antoinette, kina bustani za mboga na maua utakazozipenda. Mwalimu akichoka akusubiri kwenye benchi.

Jioni shukeni Mfereji Mkuu, mtakodi mashua ya makasia, nawe ndiye upige kasia. Chakula mnaweza kubeba, ila kula mlichobeba ndani ya bustani hairuhusiwi. Kwenye nyasi za kuzunguka Mfereji ni ruksa. Na tiketi ya treni ya kurudi kateni asubuhi ile ile, jioni mashine za kituoni huwa na foleni ndefu.