Msamaha umegeuzwa kichaka cha ndumilakuwili makanisani

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na asitokee mtu wa kunihubiria kwamba mkristo hakasiriki, kwa maana Waefeso 4:26 inasema, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Dhambi sijatenda bado, na ndiyo maana naandika badala ya kufanya yale ambayo moyo ulinituma.

Katika usharika wetu kuna dada tunayeimba naye kwaya moja, sauti moja, na aliyekuwa akiingia kwangu bila kupiga hodi. Mume wangu aliposimamishwa kazi tuliingia kwenye mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa mno, ili ada ya watoto ilipwe, na siri hiyo nilimweleza yeye peke yake baada ya mazoezi, tukashikana mikono tukaomba, akalia kuliko mimi mwenyewe. Baadaye niliomba mkopo kwenye kikoba chetu cha akina mama ili nijinasue, ombi likakataliwa bila maelezo yoyote. Sababu niliijua mwanakikoba mmoja aliponisikilizisha ujumbe wa sauti ambao dada huyo aliwatumia viongozi: kwa sauti ile ile ya upole anayoombea, anawasihi wamweke "dada yetu" kwenye maombi, kwa kuwa ana kausha damu na akipewa fedha za kikundi zitaishia huko. Aliyesema hayo anao mkopo katika kikoba hicho hicho, na jina la mdhamini wake kwenye daftari ni langu. Jumapili iliyofuata alinikumbatia mlangoni mwa kanisa, akaniita mpendwa, akauliza shemeji anaendeleaje. Panya huuma na kupuliza, lakini huyu alianza kupuliza miaka mingi kabla ya kuuma.

Hata hivyo, kilichonifikisha hapa si yeye. Ni mzee wa kanisa niliyempelekea shauri hili, ambaye hakuuliza hata swali moja juu ya aliyetoa siri, bali aliniambia nisamehe, nimwachie Mungu, nisije nikaivunja kwaya. Kwa nini ushauri huu hupewa aliyeumizwa tu? Kwa nini mwenye ndimi mbili haitwi akaambiwa atubu, ila mwenye jeraha ndiye anayechunguzwa kama ana uchungu moyoni?

Mzee huyo alininukulia "saba mara sabini", kana kwamba Mathayo 18 inaanzia mstari wa 22. Mistari michache tu kabla ya hapo, Yesu ameweka utaratibu ulio wazi: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu", asiposikia, uchukue pamoja nawe mtu mmoja au wawili, asipowasikiliza hao, uliambie kanisa. Hatua ya kwanza niliitimiza. Nilikwenda kwake peke yangu, akakana, akaapa kwa damu ya Yesu kwamba hajawahi kulitaja jina langu popote, nami nikiwa tayari nimekwisha kumsikia kwa masikio yangu. Hatua ya pili inahitaji shahidi, na anayepaswa kuwa shahidi ananiambia nikaombe.

Paulo hakumwachia Mungu suala la Kefa, yaani Petro, kule Antiokia. Kefa alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa, na Wayahudi wengine wakaufuata unafiki huo, hata Barnaba. Wagalatia 2 inaeleza kwamba Paulo alishindana naye uso kwa uso na kumwambia mbele ya wote, na huyo alikuwa mtume, si mwimbaji wa kwaya. Paulo huyo huyo, alipotendewa ubaya mwingi na Iskanda mfua shaba, aliyakabidhi malipo kwa Bwana, kisha mstari uliofuata akamwonya Timotheo: "Nawe ujihadhari na huyo." Daudi naye, alipoambiwa kwamba Ahithofeli, mshauri wake, yumo miongoni mwa waliofanya fitina pamoja na Absalomu, mwanawe aliyemwasi, aliomba mashauri yake yageuzwe kuwa upumbavu, na bado akamrudisha rafiki yake Hushai Yerusalemu ili ayapinge mashauri hayo. Sijui ni Biblia ipi wanayosoma wale wanaosema imani ni kunyamaza.

Kisasi nimeacha. Marejesho anayochelewesha nayajua, mambo ya nyumbani kwake nayajua, na hakuna hata moja litakalotoka kinywani mwangu, kwa sababu Warumi 12:19 inanihusu mimi kama inavyomhusu yeye. Lakini kusamehe deni si kumpa mtu ufunguo wa sanduku tena, na Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Yohana 2:24, kuna watu ambao hakujiaminisha kwao.

Wazee wa kanisa mliomo humu, nijibuni: mkristo aliyefika hatua ya pili ya Mathayo 18 na kukosa shahidi aende wapi? Mimi nimemwandikia mchungaji barua, nimeomba sote wawili tuitwe mbele ya wazee na ujumbe ule wa sauti usikilizwe. Na kwa kuwa wiki hii dada huyo ameniletea fomu ya mkopo mpya ili nimdhamini tena, huku akitabasamu, nimemrudishia bila sahihi.