Tupeane uzoefu: Kuwafuatilia mababu waliotoka Uingereza na Ireland kwenda Australia enzi za makoloni

Mzigua wa Perth

Wakuu, salaam. Najua humu tupo wengi tuliooa au kuolewa huku Australia, na watoto wetu wana damu ya Kiairishi na Kiskoti ambayo hata baba zao hawaijui vizuri. Upande wetu kazi ni nyepesi: unampigia shangazi Handeni, anakutajia mpaka babu wa babu na ugomvi wa mashamba juu yake. Upande wa pili ukiuliza unaambiwa "walikuja zamani na meli", basi. Leteni uzoefu: mlianzia wapi, mlikwama wapi, nini kiliwafungulia.

Nianze mimi. Simulizi ya kwa mume wangu ilikuwa kwamba babu yao mkubwa alikuwa baharia aliyeshuka Fremantle, akapapenda. Nikajiuliza, baharia gani huyu ambaye watoto wake wote wamezaliwa York, ile York ya huku Australia, bara kabisa, kwenye ngano? Koloni la Australia Magharibi lilipokea wafungwa kutoka Uingereza kuanzia 1850 hadi 1868, karibu 10,000, wanaume watupu. Meli ya mwisho, Hougoumont, ilitia nanga Fremantle Januari 1868. Kwa hiyo mwanamume yeyote anayeibuka huku miaka hiyo, peke yake, hana kaka wala binamu, mtafuteni kwanza kwenye madaftari ya wafungwa.

Tukamkuta. Urefu, rangi ya macho, kovu la kidevu, kosa lake (wizi wa kondoo), na nanga imechorwa mkono wa kushoto. Bahari yake yote ilikuwa hiyo ya kwenye ngozi.

Kilichomuuma mama mkwe si kondoo. Mke na mtoto walibaki Uingereza, na sensa ya 1861 imemwandika yule mke "mjane" wakati mumewe yu hai York, kashaoa mwingine. Baba mkwe yeye alicheka mpaka machozi, na sasa kila mgeni lazima asimuliwe. Zamani familia za huku zilificha babu mfungwa kwa kila njia. Siku hizi asiye naye anaona wivu.

Jambo moja la kujua mapema: fomu za sensa za kaya za Australia ziliharibiwa baada ya kuhesabiwa, ukiacha mabaki machache kama ile ya New South Wales ya 1828. Ukizoea sensa za Uingereza, ambazo kuanzia 1841 unamfuata mtu kila miaka kumi, huku utajiona kipofu. Ndiyo maana kila mtu huku anakimbilia vyeti na magazeti ya zamani. Trove, tovuti ya Maktaba ya Taifa yenye magazeti hayo, ni bure, ingieni.

Ngosha

Dada yangu, na hiyo kazi yote ya kufukua wazungu waliokufa, kuna pasi ya Ulaya mwishoni au ni mapenzi tu?

Mzigua wa Perth

Ngosha bwana! Pasi hakuna. Ireland inakupa uraia kama babu au bibi yako mmoja alizaliwa kule, na viza ya Uingereza ya wenye asili ya kule nayo inaishia kwa babu na bibi. Mtu aliyeshuka melini 1853 yupo mbali mno. Ni mapenzi tu, na kidogo umbea.

Mnyeri

Asante kwa kuanzisha hii mada. Nipo Geelong, mke wangu ni Mwaustralia, na babu mmoja wa ukoo wake, aliyekuja enzi hizo, alinitesa kuliko deni la benki.

Wa Victoria, mna bahati ambayo watu wa Sydney wanaionea gere: vyeti vya kifo. Victoria ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Julai 1853, na aliyeziunda zile fomu alikuwa mtu wa maswali. Cheti cha kifo kina jina la baba na kazi yake, jina la mama na ukoo wake kabla ya kuolewa, mahali alipozaliwa marehemu, alioa wapi na akiwa na umri gani, majina ya watoto wote na miaka yao, waliokufa wakiwemo. Halafu kuna kisanduku watu wanakiruka: aliishi kwenye makoloni ya Australia miaka mingapi, na koloni lipi.

Hicho ndicho kilichonitoa. Nilikuwa nachambua orodha za meli za Melbourne mpaka macho yanauma. Cheti kikasema: New South Wales miaka 2, Victoria miaka 29. Kumbe alishukia Sydney, akaja huku kwa miguu au kwa gari la ng'ombe baada ya dhahabu kuonekana 1851. Melbourne sikuwa na haja nayo kabisa.

Lakini sehemu ya baba ilikuwa imeandikwa "hajulikani". Hapa angalieni sana nani alitoa taarifa. Kwetu alikuwa jirani, na jirani atajuaje jina la baba wa mtu aliyemkuta mzee? Nikaagiza vyeti vya kaka na dada zake waliokufa huku, kwa sababu baba ni mmoja. Dada yake taarifa zilitolewa na binti yake mwenyewe. Baba: Cornelius.

Sasa nicheke kidogo. Mke wangu aliona Cornelius ni habari mpya. Mimi nilishalishuku jina hilo siku nyingi, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume wa huyu babu aliitwa Cornelius na hakuna mwingine mwenye jina hilo katika ukoo mzima. Kwetu Nyeri mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama, hakuna mjadala. Wairishi na Waskoti wa enzi zile wengi walifuata karibu utaratibu huohuo. Tofauti ni kwa mabinti: wao wa kwanza mara nyingi alipewa jina la bibi mzaa mama, kwetu ni mzaa baba. Si familia zote zilishika utaratibu huo, kwa hiyo ni dalili, si ushahidi. Ila Mkikuyu, Mkamba au yeyote mwenye mila hii, pangeni watoto kwa kufuatana kabla ya kufungua tovuti yoyote. Majina ya mababu yameshaandikwa pale.

Cornelius ni jina lililojaa Cork na Kerry, kwa hiyo nilijua pa kupiga hodi. Kwa wa New South Wales, usajili wa serikali ulianza 1856. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa. Tasmania walitangulia wote, 1838.

Dada Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Bukavu, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Wollongong. Sijaolewa na mzungu. Ninahudumia wazee, na kuna bibi mmoja ninayemwogesha ambaye alitamani kujua habari za bibi wa bibi yake kabla hajafa. Aliambiwa tu: alikuja msichana, peke yake.

Nilimsaidia na simu yangu mapumzikoni. Kati ya 1848 na 1850 serikali ya Uingereza ilisafirisha wasichana zaidi ya 4,000 kutoka nyumba za maskini za Ireland, wengi yatima wa ile Njaa Kuu ya viazi, kuwapeleka Sydney, Melbourne na Adelaide. Mpango unaitwa kwa jina la Earl Grey, aliyekuwa waziri wa makoloni. Wa Sydney walipokelewa Hyde Park Barracks, jengo lililokuwa la wafungwa, na leo pale kuna mnara wa ukumbusho, majina ya baadhi yao yameandikwa kwenye kioo.

Orodha za Sydney ni nzuri sana kwa sababu bodi ya uhamiaji iliuliza mengi. Nilimsomea bibi mstari wake: miaka 16, kaunti ya Clare, baba amekufa, mama amekufa, Mkatoliki, anasoma lakini haandiki, ndugu ndani ya koloni: hakuna. Bibi alikuwa analia, mimi nilikuwa nashangaa. Maswali hayo niliyajibu Nyarugusu, karibu kwa mpangilio uleule. Baba yupo? Mama yupo? Unamjua nani kule uendako?

Kwa hiyo niwaambie jambo ambalo mkimbizi analijua. Umri wa kwenye orodha msiuamini. Mpango ukitaka wasichana chini ya miaka fulani, watu wote watakuwa chini ya miaka hiyo. Na pale palipoandikwa "ndugu hakuna", angalieni wasichana wengine wa nyumba ileile ya maskini, meli ileile na meli iliyofuata. Sisi tulimpata mdogo wake meli nyingine, jina la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti. Mtu akikuuliza jina lako na masikio yake ni ya nchi nyingine, anaandika anachosikia.

Mwinyi wa Kibokoni

Assalaam alaykum. Mimi niko Dublin, na kila kiangazi nakutana na Waaustralia wamekuja kutafuta kwao wakiwa na karatasi moja tu: "babu, Ireland". Waheshimiwa, bila kaunti, na ikiwezekana parokia na kitongoji, mtarudi na picha za bahari.

Sababu ni hii. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza, jengo la nyaraka za taifa pale Four Courts lililipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote. Za 1861 hadi 1891 hazikuwepo hata hapo, serikali ilishaziharibu yenyewe. Sensa kamili za mwanzo mtakazozikuta ni 1901 na 1911, na babu yenu wakati huo yuko Ballarat kaburini.

Kilichobaki ni madaftari ya ubatizo na ndoa ya Kikatoliki. Maktaba ya Taifa ya Ireland imeweka picha zake mtandaoni bure tangu 2015. Yameandikwa Kilatini au Kiingereza, mwandiko wa padri aliyechoka. Sehemu za magharibi mengi yanaanza miaka ya 1820 au baadaye. Ongezeni na Griffith's Valuation ya 1847 hadi 1864, inayoonyesha nani alipanga shamba lipi. Kama babu alishaondoka, kaka au baba anaweza kuwa bado yupo kwenye kile kitongoji.

Wenye mababu wafungwa wa Kiairishi wana njia fupi: Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa hapa ina hifadhidata ya waliohamishiwa Australia kati ya 1791 na 1853, na humo zimo barua za familia zinazoomba msamaha. Nimeona barua ya mke anayeomba yeye na watoto wasafirishwe pamoja na mumewe. Hiyo huipati kwenye cheti.

Ngosha

Haya nimeanza kunogewa. Kwenye hizo meli za kwanza hakukuwa na mweusi hata mmoja?

Mzigua wa Perth

Walikuwepo. Zile meli 11 za kwanza za wafungwa, zilizofika Januari 1788, zilikuwa na wafungwa weusi kadhaa. Anayejulikana zaidi ni John Caesar, mtu mkubwa mwenye nguvu, wengine husema mzaliwa wa Madagascar, wengine West Indies. Alitoroka mara kwa mara, anahesabiwa mtoro wa kwanza wa porini, akauawa 1796. Kwa hiyo mkipima DNA mkaona asilimia ya Afrika kwa mtu mwenye nywele nyekundu, msidhani maabara imekosea.

Chebo wa Kericho

Mimi nitaharibu sherehe kidogo, mnivumilie.

Mume wangu ni wa Gippsland, mashariki mwa Victoria. Mababu zake walitoka kisiwa cha Skye, Uskoti, wakasafirishwa na chama cha kuwahamisha watu wa nyanda za juu na visiwani kilichopeleka Australia watu wapatao 5,000 kati ya 1852 na 1857. Orodha zake ziko Edinburgh, zinataja familia nzima na hali yao, na karani alikuwa akiandika maneno kama "maskini kabisa". Walitolewa kwenye ardhi yao kupisha kondoo. Mimi ni Mkipsigis, babu yangu alihamishwa kupisha chai, kwa hiyo niliposoma hilo niliona hawa ni watu wangu kabisa.

Halafu nikafungua mafaili ya ardhi. Yapo kwenye hifadhi ya nyaraka ya Victoria, na ni matamu: ua umejengwa futi ngapi, nyumba ya mbao vyumba viwili, ekari zilizolimwa, barua ya kuomba kodi isogezwe kwa sababu mvua imegoma. Lakini ardhi ile ilikuwa ya Wagunaikurnai, wenyeji wa asili wa pale. Mwaka 1843 walowezi Waskoti waliwaua wengi wao pale Warrigal Creek, na aliyewaongoza, Angus McMillan, alikuwa mtu wa Skye vilevile. Jimbo la uchaguzi lililobeba jina lake lilibadilishwa kuwa Monash mwaka 2018. Chuo Kikuu cha Newcastle kina ramani ya mauaji ya namna hiyo mtandaoni tangu 2017. Mkipata shamba la babu, lifungueni na hapo.

Babu wa mume wangu alifika miaka kadhaa baadaye, na sijaona karatasi inayomhusisha na damu. Mume wangu alipenda tuishie hapo. Mimi nimeyaandika yote mawili, la Skye na la Warrigal Creek, ukurasa mmoja, kwenye daftari la watoto.

Kijana wa Bendigo

Wakuu, naomba msaada. Babu wa mke wangu anaonekana kwenye machimbo ya dhahabu 1854, lakini hayupo kwenye orodha yoyote ya abiria, si waliolipiwa nauli wala waliojilipia. Jina lake si la kawaida kiasi cha kumpoteza.

Mnyeri

Kijana, orodha za abiria hazina wafanyakazi wa meli. Miaka ile ya dhahabu meli zilikwama Melbourne kwa kukosa mabaharia, wote wamekimbilia machimboni. Gazeti la polisi la Victoria lilianza 1853 na lilikuwa likitangaza watoro wa meli kwa majina na maumbile yao. Kama alishukia Sydney, orodha za mabaharia kuanzia 1845 zimenakiliwa na kuwekwa mtandaoni.

Ila mtoro mwenye akili habaki na jina lake. Una vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake? Vya Victoria vinaandika baba alizaliwa wapi na wazazi walioana wapi. Anza na cha mtoto wa kwanza, kabla mzee hajauzoea uongo wake.