Mrejesho: kamera ya MiniDV iliyokuwa ikikata picha

Assalamu alaykum. Ni mimi niliyeuliza kutoka Wete kuhusu kamera ya MiniDV (kamera ya video inayotumia kanda ndogo za dijitali) iliyoanza kutoa picha yenye miraba baada ya kuchanganya kanda za kampuni mbili. Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nilipitisha kanda kavu ya kusafishia hedi (vile vichwa vidogo ndani ya kamera vinavyoandika na kusoma picha kwenye kanda), sekunde 10 tu, mara mbili, na picha ikarudi safi. Sasa nanunua kanda za aina moja tu, maana vilainishi tofauti vilivyopakwa kwenye kanda vikikutana vinaweza kuacha utando kwenye hedi. Kamera naihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na vipakiti vya silika ndani, kwa unyevu wetu huu wa masika.

Ila kanda ya harusi ya dada yangu ilirekodiwa hedi zikiwa chafu. Miraba imebaki vile vile, na imeniuma sana.