Mjadala: Proksi na VPN, mtumiaji asajiliwe au aachwe?

Mleta mada
Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN (njia iliyosimbwa inayopitisha intaneti yako kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali) wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule na kutaja anwani ya IP wanayotumia, yaani namba inayotambulisha muunganisho wao mtandaoni. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020: ukitumia nyenzo ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa maoni yangu hii ni kumtaka mtu aeleze kwa nini amefunga mlango wa nyumba yake. Na kama VPN inasajiliwa, zipo proksi za tovuti, yaani tovuti za kati zinazokufungulia tovuti nyingine: unabandika linki, unabofya, kwisha. Hakuna cha kupakua. Pingeni.

Kipanga
Usajili naupinga kama wewe, mkuu, lakini dawa uliyoitaja ni sumu. Fungua ukurasa wa kuingia wa barua pepe kupitia proksi ya namna hiyo, kisha tazama juu kwenye anwani. Kufuli ipo, ila jina lililo kando yake ni la proksi. Kufuli hiyo inalinda njia ya kutoka kwako hadi kwao, basi. Wakishapokea wanafungua kila kitu, wanaandika upya linki zote zipite kwao, ndipo wanakurudishia. Nywila yako imepita mikononi mwao ikiwa wazi. Kwa kusoma gazeti sawa. Kwa chochote kinachodai nywila, hapana.

Binti Seva
Tusizitie proksi zote kapu moja. Ile unayoiweka kwenye mipangilio ya kivinjari, kwa kawaida mlango (port) 8080 au 3128, haifungui HTTPS, ule usimbaji wa tovuti zenye kufuli. Kivinjari kinaiomba ikichimbie njia hadi kwenye tovuti, na usimbaji unabaki kati yako na tovuti yenyewe. Mwenye proksi anaona jina la tovuti, muda na ukubwa wa data. Hatari inakuja akikwambia usakinishe kwanza cheti chake cha kidijitali, kinachofanya kivinjari kimwamini yeye badala ya tovuti. Ukikubali, umempa ufunguo.

Wengine wanaweka proksi halafu wanavuja bila kujua. Kwenye kivinjari cha Firefox ukitumia SOCKS v5 (aina ya proksi), hakikisha maswali ya DNS, yanayogeuza jina la tovuti kuwa IP, nayo yanapita kwenye proksi. Kuna kisanduku chake pale pale. Kisipowekwa alama, mtoa huduma wako anaendelea kuona majina ya tovuti unazofungua. WebRTC, teknolojia ya simu za video ndani ya kivinjari, nayo inaweza kutoa IP yako halisi: kwenye sehemu ya anwani andika about:config, tafuta media.peerconnection.enabled, weka false. Simu za video za kwenye kivinjari zitakufa, ndiyo gharama yake.

Mzee wa Bandari
Mnaongea mambo ya mafundi, mnasahau matapeli. Mpelelezi akifuata IP na kuishia kwenye seva ya Uholanzi, aliyeibiwa atasaidiwa na nani? Usajili una maana yake.

Kipanga
Shikamoo mzee. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unatoka kwenye laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole, na bado unaingia. Halafu hiyo IP ya kusajili ni ipi? Kwenye data ya simu, anwani moja ya nje hugawiwa wateja wengi kwa pamoja, na hubadilika. Ya seva ya VPN nayo wanaitumia mamia. Utaandika namba ambayo kesho ni ya mtu mwingine.

Na mpelelezi si kwamba hana njia. Mwaka 2011 HideMyAss, kampuni ya VPN ya Uingereza iliyojitangaza kwa kuficha watu, ilitoa kumbukumbu za matumizi ya wateja kwa amri ya mahakama na mdukuzi wa kundi la LulzSec akakamatwa Marekani. Hakuna mtumiaji aliyejisajili serikalini.

Binti Seva
Mfano huo unakata kote kote, kaka. Ina maana "hatutunzi kumbukumbu" ni maneno ya tangazo mpaka yathibitike. VPN za bure ndizo za kuogopa zaidi: mwaka 2015 ilibainika Hola, mojawapo ya hizo, ilikuwa ikiuza njia ya intaneti ya watumiaji wake, wageni wanapitia kwako na IP inayoonekana ni yako. Mwenye seva ya kukodi afadhali aandike amri ya ssh -D 1080 -N na jina la seva, inayofungua njia iliyosimbwa hadi kwenye seva hiyo, kisha aelekeze proksi ya SOCKS ya kivinjari kwenye 127.0.0.1 (kompyuta yake mwenyewe), mlango 1080. Hilo linakukinga na Wi-Fi ya hoteli. Halikufichi kwa aliyekukodisha seva, kwani jina na malipo yako anayo.

Mleta mada
Nakubali la nywila, proksi za tovuti naziondoa kwenye hoja. Usajili wa mtu mmoja mmoja bado naupinga.

Mzee wa Bandari
Marahaba. Basi zisajiliwe kampuni za VPN, mtumiaji aachwe.

Kipanga
Hapo tunakaribiana, mzee. Ila kampuni isiyo na ofisi wala seva Dar es Salaam, barua ya wito utaipeleka wapi?