Mdahalo wa tiltrota na helikopta: nisimamie upande gani?

Mwanafunzi_Anga
Habari zenu wakuu. Ijumaa darasani tuna mdahalo: jeshi linunue tiltrota kama V-22 Osprey kubebea askari, au libaki na helikopta kama Chinook? Nimeruhusiwa kuchagua upande. Naipenda Osprey, inapaa kama helikopta kisha inalaza rota, yaani mapanga yake yanayozunguka, mbele na kuondoka kama ndege. Tatizo mpinzani wangu kasoma sana. Nishaurini.

Kipanga
Chukua Osprey, ila beba hesabu. Mwendo wake ni karibu kilomita 500 kwa saa, Chinook ni kama 300. Majeruhi akiwa kilomita 400 kutoka hospitali, Osprey inamfikisha kwa dakika 48, Chinook saa moja na dakika 20. Wazo lenyewe lilipata nguvu baada ya 1980, Marekani iliposhindwa kuwaokoa mateka wake Iran. Helikopta zilibidi zitue jangwani kujaza mafuta, na mambo yakaharibikia hapohapo.

Fundi_Giaboksi
Mkuu Kipanga kakupa asali kaficha nyuki. Rota ya Osprey ina kipenyo cha mita 11.6 tu, ya Chinook ni 18.3. Ukibebwa na duara dogo, lazima hewa isukumwe chini kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana Osprey ikielea karibu na ardhi, vumbi na changarawe vinatimka na anayeshuka kwa kamba anapepesuka. Mzigo wa kuning'iniza nao, Chinook inafika karibu tani 12, Osprey haifiki 7.

Mwanafunzi_Anga
Duh. Na injini moja ikizima angani?

Fundi_Giaboksi
Hapo usiogope. Kuna shafti inayopita ndani ya bawa, injini iliyobaki inazungusha rota zote mbili. Zikizima zote ndipo helikopta inaizidi: upepo wa kushuka unaendelea kuzungusha mapanga yake makubwa, rubani anatua. Osprey hilo inaliweza kwa shida sana.

Dada_Rada
Mdogo wangu, jiandae na Marana, Arizona, Aprili 2000. Osprey ilishuka haraka mno huku mwendo wa mbele ni mdogo. Rota moja ikanaswa na hewa iliyovurugwa na yenyewe, upande huo ukakosa nguvu, ndege ikapinduka. Walikufa 19. Akikuuliza, mjibu kwamba marubani waliwekewa kikomo: chini ya kilomita 74 kwa saa, usishuke zaidi ya mita 240 hivi kwa dakika. Usidai kwamba matatizo yameisha, maana 2023 nyingine ilianguka Japani kwa hitilafu ya giaboksi, wakafa 8, na zote zikasimamishwa kwa miezi kadhaa.

Mwanafunzi_Anga
Basi nihamie Chinook?

Dada_Rada
Hapana. Mwombe mwalimu mada itaje safari ndefu, ukikubaliwa simama na tiltrota. Akikataa, nenda na Chinook. Halafu taja V-280, tiltrota nyingine iliyochaguliwa na jeshi la nchi kavu la Marekani Desemba 2022. Hiyo injini zake hubaki zimelala, kinachogeuka ni rota tu, kwa hiyo moshi wa moto haupigi ardhini.

Kipanga
Na mtu akisema Osprey inabeba askari wengi kuliko Chinook, mkatalie. Ni 24 kwa 33.