Re: Karo ya chuo, tumeambiwa mapato yetu yamezidi

Kutoka: Mama wa wawili, Brooklyn Park

Hamjambo ndugu zangu. Binti yetu anamaliza high school mwaka ujao, na mdogo wake anamfuata mwaka unaofuata. Tumejaribu vikokotoo vya gharama kwenye tovuti za vyuo vitatu na jibu ni lile lile: hakuna ruzuku. North Star Promise, mpango wa jimbo letu la Minnesota unaolipia karo ya vyuo vya umma, ni kwa familia zenye mapato chini ya dola 80,000. Sisi tumepita. Lakini tumepita kwa sababu nimekuwa nikiunganisha zamu za usiku na za mchana kwa miaka miwili. Na kila mwezi kuna dawa za mama mkwe na karo ya watoto wa marehemu kaka yangu. Pesa zetu ziko kwenye karatasi tu. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Kutoka: Baba wa watatu, Rochester

Dada yangu, pole. Nimeshasomesha wawili, nikipata mapato ya aina hiyo hiyo.

FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa karo, haiulizi pesa zinakwenda wapi. Inasoma ushuru wa mwaka juzi: fomu ya masomo ya 2026-27 inasoma mapato ya 2024, pamoja na kila zamu uliyoongeza. Pesa ulizotuma nyumbani hazipunguzwi hata senti. Nyumba mnayoishi haihesabiwi, wala akiba ya uzeeni iliyo kwenye 401(k). Lakini ploti uliyonunua Kenya, tuseme Kitengela, inahesabiwa. Nawasihi wenzangu msiifiche, hii ni fomu ya serikali na unaitia sahihi. Andika thamani yake, utoe deni lililo juu yake.

Tena, zamani watoto wawili wakiwa chuoni pamoja, kiasi ambacho fomu inasema mzazi anaweza kuchangia kiligawanywa kati yao. Tangu 2024-25 hesabu hiyo imeondolewa, kwa hivyo usiwategemee wale waliosomesha kabla ya hapo.

Lakini jambo ninalotaka ulishike ni PSEO. Kwa mpango huo, mwanafunzi wa high school Minnesota anasoma masomo ya chuo, na karo na vitabu vinalipwa na jimbo, hata mzazi awe na mapato gani. Kifungua mimba wangu hakufanya. Nilidhani mtoto wa shule hafai kuketi na watu wazima, na kosa hilo nililipia mwaka mzima wa karo. Wa pili alianza darasa la 11, akaingia chuo kikuu na krediti, yaani masomo ya chuo aliyokwisha kufaulu, za mwaka na zaidi. Binti yako bado ana mwaka mmoja, mdogo wake ana miwili. Kwanza ulizeni chuo anachokitaka kinapokea krediti zipi, maana si zote zinahesabiwa kila mahali.

Halafu jina la chuo. Najua tunavyopenda kulitaja kanisani. Vyuo vya Ivy League, vile vikongwe vyenye majina makubwa, havitoi pesa kwa alama, vinatoa kwa uhitaji tu, na nyinyi mko pale katikati panapouma. Mtafutieni chuo ambacho alama zake ziko juu kuliko za wengi wanaoingia. Hapo ndipo wanapopunguza bei ili aje. Wisconsin na Dakota zote mbili zina makubaliano na Minnesota, kwa hivyo kwenye vyuo vyao vya umma halipi karo ya mgeni wa nje ya jimbo.

Mkopo wa serikali wa jina lake, dola 5,500 mwaka wa kwanza, anaupata bila kujali mapato yenu, ingawa riba inaanza mara moja. Parent PLUS, mkopo wa serikali anaouchukua mzazi, ni deni lako wewe, hadi uzeeni. Mimi nililikataa na sijajuta.

Kutoka: Mama wa wawili, Brooklyn Park

Asante sana kaka. Jumatatu tunamwona mshauri wa shule kuhusu PSEO. Swali moja: tangu Januari nimeacha zamu za ziada, mgongo umekataa. Hilo linasaidia?

Kutoka: Baba wa watatu, Rochester

Linaweza. Jazeni fomu kama ilivyo, kisha mwandikie ofisi ya misaada ya kila chuo mkiomba waangalie upya mapato. Ambatisha hati za mshahara za sasa, barua ya mwajiri, na ya daktari kama unayo. Hawalazimiki kukubali, na chuo kimoja kikikataa kingine chaweza kukubali. Ukimaliza kuiandika nitumie niisome kabla hujaipeleka.