Nimenunua waifai nikapewa CD, kisha nikaitwa mgonjwa mbele ya mama mkwe wangu

KijanaWaChumbageni (mleta uzi)

Wanajamvi, nimetoka dukani kwake sasa hivi, jasho halijakauka, na ninaandika kabla hasira hazijapoa, kwa kuwa zikipoa nitamwonea huruma, naye hastahili. Simtaji jina. Kila aliyewahi kununua waya, chaja au memori kadi pale Ngamiani, hapa Tanga, anamjua: ndiye yule anayejibu swali kabla hujamaliza kuliuliza na anayepokea pesa bila kukutazama usoni.

Jambo lenyewe ni adapta ya waifai. Nina Raspberry Pi 2, kikompyuta cha toleo la mwaka 2015 kisicho na waifai ndani yake, na kazi yake ni kuonyesha nyakati za swala kwenye kioo cha msikiti wa mtaani kwetu. Kikompyuta hicho hakina saa yenye betri. Wakati sahihi hukipata mtandaoni. Umeme ukikatika saa sita na kurudi saa kumi, bila mtandao kinaendelea pale pale kilipoachia, na kioo kinatangaza kwamba adhuhuri inakaribia ilhali watu wamekwisha kuswali alasiri. Ingekuwa Ramadhani, mtaa mzima ungefuturu saa nne usiku.

Yule bwana aliniapia kwamba adapta ile inashika kwenye Linux, mfumo unaoendesha kikompyuta changu. Nikaichomeka. Sikuona waifai wala wlan0, jina ambalo Linux huipa waifai. Iliyojitokeza ni CD. Naam, CD! Nilibadili tundu la USB, nikazima, nikawasha, nikasoma kurasa za watu mpaka alfajiri, na CD ikabaki kuwa CD.

Leo nikamrudishia. Duka lilikuwa limejaa, na kwenye benchi alikuwapo mama mkwe wangu, aliyekuja kutoa kopi ya cheti. Yule bwana akaichomeka adapta kwenye kompyuta yake ya Windows, ikashika papo hapo, akawageukia wateja, si mimi, akasema: “Kifaa ni kizima. Mgonjwa ni mwenye kifaa.”

Mgonjwa ni mwenye kifaa! Angesema harudishi pesa, ningenyamaza. Angesema hajui Linux, ningemheshimu. Lakini mgonjwa? Duka zima likaangua kicheko, na mama mkwe wangu, ambaye tangu nimuoe binti yake sijawahi kuyaona meno yake, akajifunika mtandio mdomoni huku mabega yakimtikisika. Jioni hii habari itakuwa imefika Pongwe, kesho Muheza, na keshokutwa shemeji zangu wa Korogwe wataniletea mizizi ya kuchemsha. Mgonjwa!

Naomba kuwasilisha.

BintiWaKaole

Pole sana kaka. Kabla hatujachangia, tufafanulie jambo moja: mama mkwe alianza kucheka kabla ya wateja wengine au baada yao? Jibu lake litatusaidia kupima ukubwa wa ugonjwa.

Mzee_Raskazone

Kijana wangu, punguza jazba. Adapta nyingi za namna hiyo, zikiwamo za chipu ya 8821CU, zikichomekwa hujitambulisha kwanza kuwa CD iliyobeba draiva za Windows, yaani programu za kukiendesha kifaa. Windows ikishazisakinisha, draiva hizo huiamuru adapta iache u-CD wake na iwe waifai. Ndiyo maana kwake ilishika. Wewe andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukiona 0bda:1a2b, bado ni CD, na programu ya usb_modeswitch ndiyo itakayoigeuza. Ikishageuka utakuta kizingiti cha pili, kwa sababu draiva ya chipu hiyo kwa adapta za USB iliingizwa rasmi katika kerneli (kiini cha Linux) toleo la 6.2, iliyotoka Februari 2023, na mfumo wako bila shaka ni wa zamani kuliko hapo. Pandisha mfumo, au pakua msimbo wa draiva uikusanye mwenyewe, yaani uugeuze kuwa programu inayoendana na kerneli yako. Kwa kuwa vyote viwili vinahitaji mtandao, azima waya wa mtandao (LAN); Raspberry Pi 2 inalo tundu lake.

Yule bwana ninamfahamu tangu akiuza kanda za kaseti. Hakuwahi kuwa na adabu.

Mpiga_Kodi_Usagara

Yaani ili apate mtandao, anahitaji kwanza mtandao. Mgonjwa apewe rufaa.

DadaWaMakorora

Mzee, nakuheshimu, lakini usimshauri mtu akusanye draiva mwenyewe bila kumwambia yanayofuata. Mimi nilifanya hivyo kwa adapta nyingine na waifai ikashika vizuri, hadi mpwa wangu alipokuja likizo na kuona ujumbe kwamba mfumo unahitaji kusasishwa. Akausasisha kwa moyo mweupe kabisa. Kerneli ikabadilika, na draiva iliyokusanywa kwa kerneli ya zamani haikutambulika tena. Fundi aliyenisaidia hakuwa amenieleza habari ya DKMS, ambayo huikusanya draiva upya kila kerneli inapobadilika. Nilipompigia simu aliniambia nimkemee mpwa wangu. Mtoto wa watu ana kosa gani?

BintiWaKaole

Dada, hayo yenu ni nafuu. Huku Bagamoyo niliuziwa chaja ya Raspberry Pi yangu iliyoandikwa 3A (ampea tatu) kwa herufi zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kila nikiwasha, alama ya radi ya njano inatokea kwenye pembe ya kioo, maana yake umeme umeshuka chini ya volti 4.63, na waifai ya USB ndiyo inayotangulia kuzimika. Nilihangaika na draiva mwezi mzima, kumbe draiva haina hatia. Muuzaji aliniuliza: “Radi si ndiyo umeme wenyewe?”

Mpiga_Kodi_Usagara

Huyo muuzaji wako ananifurahisha kuliko huyu wetu.

Mnunuzi_Mtulivu

Mleta uzi, ikiwa adapta huitaki, niuzie kwa nusu bei. Mimi ninatumia Windows na sina ugonjwa wowote.

KijanaWaChumbageni

Ninasoma habari za CD, kerneli, mpwa na radi, lakini hakuna hata mmoja aliyeigusa kauli yenyewe. Niliitwa mgonjwa, wanajamvi. Mbele ya mama mkwe!

DadaWaMakorora

Tumekusikia, kaka. Bi Kaole, chaja hiyo ilikuwa na waya wake au uliununua mbali? Waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani, hata kama chaja ni halali.

BintiWaKaole

Niliununua mbali, na ni mrefu kweli. Sasa umenitia wasiwasi. Waya mfupi na mnene unapatikana wapi kwa huku, bila kwenda Dar es Salaam?

Mzee_Raskazone

Tanga upo. Kwa bahati mbaya, anaouza ni yule yule.